Acheni kuwadanganya watu na video zenu za "mji mdogo China maisha bure"

Wakuu, leo nimetoka kituo cha polisi kwa mara ya nne ndani ya wiki mbili, na sijaiba kitu. Natafuta karatasi moja tu inayoonyesha ninapolala. Nimepanda basi, nafungua simu, nakutana na Mtanzania mwenzetu kwenye video, kashika mfuko wa machungwa, anasema ukiwa na laki tano mji mdogo wa China unaishi kifalme. Nikaona leo siwezi kunyamaza.

Niko Yichang, mkoa wa Hubei, kando ya mto Yangtze, chini kidogo ya lile bwawa kubwa la Three Gorges. Kwa Wachina huu ni mji mdogo, ingawa ukijumlisha na wilaya zake una watu karibu milioni nne. Chumba, sebule na jiko nalipa yuan 900 kwa mwezi, kama laki tatu na ushee. Ghorofa ya sita bila lifti, lakini nafuu. Hapo sibishi. Na machungwa ya Zigui, wilaya ya hapahapa Yichang, msimu ukifika yanamwagwa barabarani kama Muheza.

Ila hata hayo machungwa mnayasemea uongo! Bei ya sokoni hapa inaandikwa kwa jin, na jin moja ni nusu kilo. Huyo ndugu kasoma kibao cha yuan 3 akatangazia watu kuwa ndiyo bei ya kilo. Nyama, viazi, mchele, vyote alivyohesabu zidisha mara mbili.

Tena wengi wenu mnaorekodi mnalala bweni la chuo. Chuo ndicho kinakuandikisha polisi, ndicho kinafuatilia kibali chako, wewe unaamka unakula tambi. Mimi nilikuwa hivyohivyo miaka mitatu, nikajiona mwenyeji. Nimemaliza, nimepata kazi kampuni ya kuuza vipuri nje, nikahama bwenini. Hapo ndipo nilipoijua China.

Sheria inasema mgeni asiyelala hotelini anatakiwa ajiandikishe polisi ndani ya saa 24, yeye au aliyempokea. Usipofanya, faini inaweza kufika yuan 2,000. Na bila hiyo karatasi hu-renew kibali cha ukaazi, maombi yenyewe unatakiwa uyapeleke siku 30 kabla hakijaisha. Kikiisha ukiwa ndani ya nchi ni yuan 500 kwa siku, mpaka 10,000. Haya kwenye video sijawahi kuyasikia.

Sasa dalali alinitafutia nyumba sita. Wenye nyumba wanne waliposikia ni mgeni wakasema hapana, mmoja hata hakuaga. Aliyekubali alitaka kodi ya miezi mitatu pamoja na dhamana ya mwezi mmoja, jumla yuan 3,600, na dalali nusu mwezi wake juu. (Nyie wa Dar mliozoea miezi sita najua mnacheka.) Nikalipa. Nikamwambia, mama, twende kituoni, wanataka kitambulisho chako na hati ya nyumba. Akasema hakuna shida, kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Mwishowe akasema yeye polisi haendi, kwani amefanya kosa gani?

Nikaenda mwenyewe na nakala za karatasi zake. Mara ya kwanza, askari anayeshughulikia wageni yuko likizo. Mara ya pili yupo, mfumo unamkataa. Mara ya tatu anataka mkataba ulioandikwa upya kwa sababu jina langu halifanani na pasipoti. Leo anamtaka mwenye nyumba aje mwenyewe. Na kusema kweli yule askari si mtu mbaya, alinipa na maji ya moto. Hajawahi tu kufanya hii kazi! Guangzhou au Yiwu, ambako wageni wamejaa, karani anakumalizia shida yako kabla hujakaa vizuri. Hapa kila dirisha ninalofika mimi ndiye Mwafrika wa kwanza, wanaitana ofisi nzima kuja kuitazama pasipoti yangu kama wamepewa samaki asiyejulikana.

Hilo la jina ndilo limenikondesha. Nina majina matatu. Laini ya simu imeandikwa yote kwa kuunganisha, benki wameanza na la ukoo, kwenye treni kuna nafasi katikati. Malipo ya simu yakikuta herufi hazilingani yanagoma, na huu ni mji ambao hata muuza viazi vya kukaanga kabandika alama ya kuskani. Siku moja yamegoma, nimeshika noti ya mia mkononi, bibi wa watu hana chenji. Nikalala na njaa nina hela.

Baridi nayo. Serikali inapasha joto majumba ya kaskazini tu, mstari unapita milima ya Qinling na mto Huai. Sisi tuko kusini ya mstari, kwa hiyo "kuna joto". Januari navaa koti kitandani. Kiyoyozi ukiwasha kitoe joto usiku kucha, bili ya umeme inakula ile nafuu yote ya kodi.

Mama yangu yuko Korogwe. WhatsApp hapa imefungwa, VPN ya kukwepa hicho kizuizi inashika ikitaka. Nikamfungulia WeChat, app ya kuchati ya Wachina, ikadai mtu mwenye akaunti aliye karibu naye askani kuthibitisha. Korogwe nimtoe wapi huyo mtu?

Jumatatu saa tatu asubuhi narudi kituoni, mwenye nyumba keshaniambia haji. Kibali changu kimebakiza siku 41. Kama kuna mdau yuko Yichang, Jingzhou au Enshi ambaye mwenye nyumba wake alikubali kwenda polisi, aniambie alimbembeleza na nini. Na wewe wa machungwa, kama unasoma hapa, rudi kwenye kibao ukasome tena.