Mrejesho: diski kwenye mashine zisizo na diski, Tanga

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita niliomba ushauri: chumba chetu hapa Ngamiani kina mashine 12 zinazotumia FreeBSD (mfumo endeshi kama Linux) zisizo na diski, zote zinawaka kupitia mtandao na kusoma kila kitu kwenye seva moja kwa NFS, njia ya kusoma faili za seva kupitia mtandao. Wanafunzi wakifungua kivinjari kwa pamoja, zinaganda. Mkanishauri niweke diski ndogo kila mashine, kwa ajili ya swopu (sehemu ya diski inayosaidia rami ikijaa) na faili za muda tu. Nimefanya, na nawashukuru sana.

Nilinunua diski za mtumba za GB 80. Kila moja niliipima kwanza kwa smartctl, programu ya kukagua afya ya diski. Mbili zilikuwa na sekta mbovu, nikazirudisha. Swopu GB 8, zilizobaki /tmp, yaani folda ya faili za muda. Mfumo na kazi za wanafunzi viko seva kama zamani, kwa hiyo diski ikifa hakuna anayepoteza kitu.

Swichi yetu ni ya megabiti 100, yaani kama megabaiti 12 kwa sekunde, na mashine zote ziligombania waya mmoja wa seva. Taa ya waya ule ilikuwa haipumziki. Sasa inapepesa mojamoja, na kivinjari kinafunguka bila kelele darasani!

Aliyesema nianze kwa kuongeza rami alikuwa na hoja, ila bodi hizi zinaishia GB 2 za rami.

Kilichonitesa ni fstab, faili inayoiambia mashine itumie diski zipi ikiwaka, maana mashine zote zinasoma faili hiyo moja. Mashine moja diski yake ilijitokeza kwa jina la ada1 badala ya ada0 lililoandikwa humo, ikagoma kuwaka. Nikaweka lebo za GPT, yaani jina linaloandikwa kwenye diski yenyewe na halibadiliki, kwisha. Jumamosi namalizia mbili zilizobaki.