Simba na neno moja

Jumamosi jioni

Mimi: [video, sekunde 20]

Mimi: Jamani tazameni. Wiki ya pili hii namfundisha mbwa wetu Simba kukaa. Asubuhi alikaa mara tatu mfululizo, sasa hivi ananitazama tu kama hanijui. Dada upo? Wewe ndiye unasomea mifugo, nisaidie.

Shangazi: Maskini, kakua! Juzi tu alikuwa anaenea kwenye ndoo.

Mama: Wifi, na kula kakua. Ugali wake sasa ni wa mtu mzima.

Dada: Shikamooni wazazi. Nimetoka maktaba sasa hivi. Mdogo wangu, nimeiangalia mara mbili. Umesema "kaa" mara tisa. Ile ya kwanza alikuwa anakusikiliza kabisa, masikio yamesimama. Kuanzia ya tatu kwake ikawa kelele tu.

Mimi: Nikisema mara moja asipokaa?

Dada: Unanyamaza, unamwongoza kwa nyama. Kipande kiwe karibu kabisa na pua, halafu kipitishe polepole juu ya kichwa kuelekea nyuma. Akiinua kichwa kukifuata, makalio yanashuka yenyewe. Usimkandamize mgongo. Na usiseme neno lolote kwanza. Neno utaliweka akishakuwa anakaa kwa kufuata mkono tu.

Dada: Halafu niambieni ukweli. Hapo nyumbani kila mtu anamwambiaje?

Mama: Mimi "kaa chini".

Baba: Sit. Mbwa wote tuliofuga tuliwaambia sit.

Mimi: Mimi "kaa". Na mdogo wetu nimemsikia akisema "keti Simba, keti".

Dada: Mnaona? Maneno manne kwa kitendo kimoja. Simba hajui Kiswahili wala Kiingereza, anashika sauti. Tena Baba ukifungua geti unamwambia "kaa hapo", maana yake asitoke. Kwa hiyo "kaa" ile ile mara ni makalio chini, mara ni usitoke nje. Mimi simlaumu hata kidogo.

Baba: La getini kweli nalisema kila siku.

Dada: Basi chagueni moja leo hii, muandike mbandike mlangoni mwa jiko. Ningependa "keti", kwa sababu hakuna anayelitumia kwa kitu kingine.

Mama: Keti basi. Mdogo wenu atafurahi, ndilo lake.

Baba: Na akikaidi? Sisi tulitumia fimbo, mbwa walinyooka.

Dada: Baba, naomba fimbo isiwepo. Akipigwa anachojifunza ni kwamba mkono ukiinuka kuna hatari. Kesho mkono huo huo tunataka ampe mguu kusalimiana. Asipofanya, nyama irudi mfukoni, ujaribu tena baada ya muda. Kukosa kunamtosha.

Mama: Nyama yenyewe mnaijua bei?

Dada: Mama, vipande ni vya ukubwa wa harage. Maini robo kilo yaliyochemshwa yanafika wiki, yakigandishwa kwenye friza. Bila chumvi, na usiweke kitunguu kabisa, kitunguu ni sumu kwa mbwa. Afundishwe kabla ya kula, dakika tano asubuhi na tano jioni. Ugali wa usiku mpunguzie kidogo.

Shangazi: Haya yote ndiyo mnafundishwa huko Morogoro?

Dada: Darasani kidogo, Shangazi. Mengi nimeyaelewa kwa kuona habari za panya buku wanaofundishwa hapa chuoni Sokoine, wale wa shirika la APOPO wanaonusa mabomu ya kutegwa ardhini. Panya akipatia, mwalimu anabofya kidude kinatoa sauti "tik", kisha anampa ndizi. Ile "tik" ndiyo inamwambia panya ni kitendo gani hasa kimemlipa. Mmoja aliyeitwa Magawa alizaliwa hapa, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamtunuku nishani ya dhahabu.

Shangazi: Panya! Na sisi tunashindwa na mbwa.

Dada: Hatushindwi. Mdogo wangu, wewe piga kidoko kwa ulimi, kinatosha. Makalio yakigusa chini tu, kidoko, halafu nyama. Ukichelewa akawa ameshainuka, umemlipa kwa kuinuka.

Mimi: Ndicho nilichokuwa nafanya! Mpaka nitoe nyama mfukoni yeye kashasimama.

Babu: Nawasoma tangu mwanzo.

Mimi: Shikamoo Babu.

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Mnamzoesha kupokea mkononi. Yule mbwa wangu mweusi, baba yenu anamkumbuka, alirushiwa nyama usiku juu ya uzio. Asubuhi nilimkuta kwenye migomba amekauka. Na ng'ombe hayupo. Sikufuga tena mpaka mwaka huu.

Baba: Namkumbuka Baba. Alikuwa ananisindikiza shule mpaka darajani.

Shangazi: Mimi nililia siku mbili.

Dada: Pole sana Babu. Sikuijua habari hiyo. Basi kabla ya kusalimiana na kubingirika, Simba afundishwe "acha". Kwa mbwa wa kwetu naona hilo linazidi yote.

Mimi: Linafundishwaje?

Dada: Fumba kipande kwenye ngumi, mpe ngumi anuse. Atalamba, ataparua, atalia. Wewe kimya, usivute mkono. Itafika nukta atachoka atoe pua. Hapo hapo kidoko, umpe kipande kingine kutoka mkono wa pili. Usimpe kile kile alichokatazwa, hata siku moja. Akizoea, fungua kiganja. Akizoea tena, weka chini ukifunika kwa mguu, halafu bila kufunika. Mwisho mtu mwingine arushe, siyo wewe.

Babu: Na usiku, nyie mmelala?

Dada: Babu, hapo sitakudanganya. Mbwa akiwa peke yake na njaa anaweza kusahau. Ale ashibe kabla ya kufunguliwa, na chakula chake kitoke kwenye bakuli lake tu, hata wageni wasimrushie mifupa. Inapunguza hatari, haiifuti.

Babu: Afadhali umesema ukweli.

Dada: Na chanjo ya kichaa cha mbwa je? Watoto watakuwa karibu na meno yake.

Mama: Alichanjwa. Kadi iko kabatini.

Jumapili, wiki tatu baadaye

Mimi: [video, sekunde 48]

Mimi: Babu ameshuka kutoka Kibosho leo baada ya ibada. Amesimama nje ya uzio akarusha kipande cha nyama choma bila kuniambia. Tazameni sekunde ya 15.

Shangazi: Kainusa!

Mimi: Kainusa, ndiyo. Nikasema "acha" mara moja. Akarudi nyuma, akaketi mwenyewe, akanitazama. Keti sikumwambia.

Dada: Nimeirudia mara tano. Vizuri sana mdogo wangu. Mlipe maini mengi leo.

Mama: Kashalipwa, na Baba yenu ndiye kampa. Fimbo imerudi shambani.

Baba: Aliketi kwa neno langu pia. Keti, siyo sit.

Babu: Nimefika nyumbani salama. Huyu mtoto wa mbwa wa huku ana miezi mitatu, ni mapema?

Dada: Ndiyo umri wake hasa, Babu. Dakika mbili mbili tu. Na umpeleke chanjo wiki hii.

Babu: Sasa neno. Mimi nasema acha, Bibi yenu anasema wacha.

Dada: Chagueni moja, Babu.

Babu: Basi wacha. Yeye ndiye anayemlisha.