Waliosoma chuo kikuu mtandaoni wakiwa hapa hapa Mombasa, tupeane uzoefu

Binti wa Mtopanga
Assalaam aleikum wenzangu, na hamjambo nyote. Leo jioni nimepita Kongowea kwa fundi wa simu, nikamkuta kijana amekaa barazani, laptopu magotini, waya masikioni, anafuatilia mhadhara wa chuo huku mwenye mkokoteni wa viazi akimpigia kelele apishe. Hakusikia. Macho yote kwenye kioo. Nikakumbuka nilivyoisoma mimi digrii yangu ya biashara, mtoto mchanga mapajani na kazi ya dukani mchana kutwa.

Nasema wazi, nisingeipata digrii ile kwa njia nyengine. Lakini yako mambo hakuna aliyeniambia kabla sijalipa ada. Sasa mdogo wangu ana C+ yake ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, anaulizia Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kile kilichopewa hati Agosti 2023 na makao yake Konza. Mjomba wetu naye yuamvuta aende chuo cha madarasani Nairobi. Nataka nimpelekee maneno ya watu waliopita humo, si ya mabango. Mlivutwa na nini? Mliteswa na nini?

Kuli wa Kilindini
Mimi nilivutwa na shifti. Kazi ya bandarini haijui Jumatatu wala Jumapili. Nilijaribu darasa la jioni mjini, nikitoka Likoni foleni ya feri, nikifika mwalimu ashafuta ubao. Mtandaoni mhadhara umerekodiwa. Nausikiliza saa nane za usiku nikitoka kazini, nisipoelewa narudisha nyuma hata mara kumi na hakuna anayenikunjia uso. Kwa mtu mwenye kazi na familia hilo ni kubwa sana, asikudanganye mtu.

Jirani wa Magongo
Kweli kabisa. Ile feri peke yake ni digrii.

Baharia wa Tudor
Mimi nilisomea baharini, kwa hivyo nina la kusema. Kwenye meli intaneti ni ya setilaiti na ni ya mgao. Huwezi kuangalia video hata ya dakika tano. Nilikuwa napakua vitabu na mihadhara tukitia nanga, Salalah, Jebel Ali, popote penye mtandao wa kueleweka, halafu nasoma tukiwa njiani. Kazi zangu nilikuwa naziandika, naziweka, nikifika bandari ifuatayo nazituma zote kwa mkupuo. Chuo gani cha madarasani kingenivumilia hivyo?

Taabu yake ni upweke. Wenzako wa darasani ni majina tu. Ukikwama kwenye hesabu saa sita za usiku katikati ya Bahari ya Hindi, huna wa kumgongea mlango. Nilikuwa na rafiki wawili tulioanza pamoja, wote wakaacha njiani, na si kwamba walishindwa masomo. Walichoka kuwa peke yao.

MamaNusra
Kuna usiku mmoja siusahau hata nikizeeka. Wengi wenu mwaukumbuka: Ijumaa, 25 Agosti 2023.

Nilikuwa nasoma chuo cha nje, jina siliweki hapa. Mtihani wa mwisho wa muhula ni mbele ya kamera ya laptopu. Kabla hujaanza wakutaka uizungushe kamera chumba kizima: ukutani, chini ya meza, mlangoni. Asiingie mtu. Simu isionekane. Uso wako uonekane muda wote, na ukitazama pembeni sana ile programu yaandika. Sasa sisi tumepanga vyumba viwili Kisauni, nyumba ya Kiswahili, ukumbi mmoja, wapangaji humo humo. Watoto niliwapeleka kwa nyanya yao Bombolulu tangu asubuhi. Jirani wa chumba cha pili nilimwomba asifungulie redio, Mungu amjaalie, hata taarabu yake ya Ijumaa aliiacha kwa ajili yangu.

Tulianza saa tatu usiku. Saa nne haijafika, stima ikapotea. Nikadhani ni transfoma ya mtaa, kumbe karibu nchi nzima iko gizani. Rauta ikazima papo hapo. Betri ya laptopu imechoka lakini ilishika. Nikawasha intaneti ya simu, simu nikaificha chini ya mto, ikaunganika. Alhamdulillahi. Mara maandishi mekundu: uso hauonekani, ongeza mwanga. Niutoe wapi? Tochi niliyo nayo ni ya simu, simu ndiyo inayonipa mtandao, na simu hiyo hiyo ikionekana mezani ni kosa. Nikawasha koroboi nikaiweka mbele yangu. Moshi machoni, feni imesimama, dirisha nimelifunga kama walivyoagiza, jasho ladondokea kwenye vibonyezo. Naandika hivyo hivyo.

Shemeji yangu alikuwa ukumbini. Kwa huruma yake akaazima taa ya kuchaji, akaufungua mlango kidogo akaipenyeza. Mkono tu na kivuli. Kamera ikamdaka. Kioo kikajifunga: mtu mwengine ameonekana chumbani, mtihani umesimamishwa. Nilikuwa nimebakisha swali la mwisho. Nilikaa pale gizani nikalia mpaka yule jirani wa redio akaja kunishika mabega.

Asubuhi barua pepe: nashukiwa udanganyifu, nijieleze. Mimi! Nimalizie baadaye, mtoto yuaamka.

Jirani wa Magongo
Yaa Rabbi. Usituache hapo, mama.

Kuli wa Kilindini
Usiku ule mimi nilikuwa kazini, naukumbuka. Ikawaje?

Msomi wa Majengo
Poleni, lakini hapa ndipo ninaposema kila siku: digrii za sebuleni zina kasoro yake. Sisi tulikaa chuoni miaka minne, tukalala bweni, tukapanga foleni ya maktaba, tukabishana na wahadhiri uso kwa uso. Mtu anasoma huku anakaanga viazi karai halafu tuvae joho moja? Mwajiri ana haki ya kushuku.

Baharia wa Tudor
Kaka Msomi, uliza kwanza ndipo uhukumu. Mimi nimeandika kazi zangu mikono ikinuka dizeli. Wewe bweni lako lililipiwa na nani?

Msomi wa Majengo
Mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na bado nailipa. Usinitukane.

Baharia wa Tudor
Sijakutukana. Nimekuuliza.

Maalim Mstaafu
Wanangu, taratibu. Kusoma mbali na chuo hakukuanza na simu hizi. Chuo kikuu cha UNISA cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Nelson Mandela alikamilisha shahada yake ya sheria ya UNISA mwaka 1989 akiwa bado mfungwa, na sijasikia mtu akisema ile ni digrii ya sebuleni. Open University ya Uingereza ni ya 1969. Jirani zetu Tanzania wana Chuo Kikuu Huria chao tangu 1992. Hata hapa kwetu, 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, masomo yakirushwa kwa setilaiti hadi vyuoni, na wanafunzi wakikusanyika mbele ya runinga.

Nimefundisha miaka mingi, na niliowaona wakifeli darasani walikuwa wamekaa mbele yangu kabisa. Ukaribu wa mwili hautoshi. Lakini Msomi ana chembe ya haki: yako mambo hufunzwi na kioo. Huwezi kujifunza kudunga sindano kwa video, wala kuchomelea chuma, wala kumtuliza mtoto wa darasa la kwanza anayelilia mamake. Yanataka mtu asimame kando yako akurekebishe mkono.

Msomi wa Majengo
Asante Maalim. Hilo la mkono ndilo nililotaka kulisema. Na lile la viazi karai naliondoa, halikuwa la adabu.

Karani wa Ajira
Mimi hupokea maombi ya kazi, kwa hivyo nisikilizeni vizuri hapa kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Mara nyingi cheti hakiandiki kwamba ulisoma sebuleni au bwenini. Tunachokiangalia ni kama chuo na kozi yenyewe vimetambuliwa. Kabla hujatuma hata shilingi ya fomu, tafuta kama chuo kimo kwenye orodha ya CUE, ile tume ya serikali inayosimamia vyuo vikuu. Chuo cha nje, uliza mapema utaratibu wa cheti chake kutambuliwa na kulinganishwa hapa Kenya, usingoje mpaka umehitimu. Na kama kazi ina baraza lake, uuguzi, uhandisi, uanasheria, nenda kwa baraza kwanza. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa na baraza likaikataa kozi.

Nimemwona mama mtu mzima, mwenye adabu zake, ameleta cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu. Tulipofuatilia, chuo hicho hakuna serikali inayokijua. Alikuwa ameuza kiwanja Mtwapa kulipia ada. Alinitazama tu, hakusema neno. Nilitoka nje.

Jirani wa Magongo
Muhuri wa dhahabu ndio wa kuogopwa zaidi.

Dada wa Mikindani
Mimi langu ni bando. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zaingilia hapa hapa kwetu, SEACOM na TEAMS 2009, EASSy 2010, na bado mimi nalala na hofu ya bando kuisha katikati ya kipindi. Saa moja ya video yakaribia kumaliza jibi nzima. Halafu Mei 2024 zile EASSy na SEACOM zikakatika siku moja, wiki ile nilikuwa na mawasilisho mbele ya mhadhiri. Sauti yangu ilikuwa yaenda na kurudi, mwisho akaniambia niandike tu.

Ushauri: zima kamera, sikiliza sauti pekee, bando litadumu.

Kuli wa Kilindini
Usizime kamera dada. Kwetu asiyeonekana alihesabiwa hayupo, maksi za kuhudhuria zikakatwa.

Dada wa Mikindani
Basi aulize chuo chake kwanza. Na asisome usiku, aamke alfajiri akimaliza kuswali, mtandao huwa mwepesi.

Kuli wa Kilindini
Alfajiri mimi ndiyo nalala. Usiku ni mzuri, nyumba imetulia.

Baharia wa Tudor
Anunue ile betri ndogo ya rauta, UPS yake, madukani zipo. Stima ikienda rauta haizimi. Ndiyo pesa nzuri zaidi nimewahi kutumia kwenye masomo.

Mke wa Changamwe
Hakuna aliyetaja saa. Chuo changu kilikuwa Uingereza. Kipindi chao cha saa moja jioni kwangu ni saa nne usiku. Mwisho wa Machi wao wasogeza saa zao mbele, sisi hatusogezi, kipindi kikawa saa tatu bila mtu kutukumbusha. Oktoba yarudi tena. Na Ramadhani ikiingia, kipindi cha saa tatu chakuta watu msikitini kwenye tarawehe, na mimi ndiyo natoa vyombo vya futari. Niliwaandikia wakanielewa, wakaniruhusu nifuatilie rekodi. Lakini lazima uandike wewe. Wao huko hawajui kuna mwezi wa namna hiyo kwetu.

Mume wangu naye alikuwa akiniona kwenye laptopu ajua nimepumzika. Ukienda darasani, watu wa nyumbani huona umetoka. Ukisomea chumbani, kila anayekutaka akuita. Hii nasema kwa dada zangu hasa: wekeni nyumba kikao kabla hamjaanza.

Binti wa Mtopanga
Shoga yangu, umeligusa lenyewe. Mama mkwe wangu alikuwa akinipa mchele nichague huku namsikiliza mhadhiri. Na yeye alikuwa anipenda, hakuwa na nia mbaya, aliona mikono yangu i tupu.

MamaNusra
Nimerudi, samahanini. Niliwajibu kwa barua ndefu. Nikaambatisha habari za magazeti kuhusu giza la nchi, tangazo la Kenya Power, picha ya koroboi na ya chumba. Shemeji akaandika maelezo yake akatia sahihi. Kimya kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nafungua barua pepe kabla sijanawa uso. Mwishowe wakasema hapakuwa na udanganyifu, nirudie mtihani muhula unaofuata. Hawakuomba radhi. Muhula ukanipotea, wenzangu wakatangulia kuhitimu. Nilirudia, nikapita, cheti ninacho.

Wakiniuliza kama ningerudia njia hii, ningerudia, kwa sababu nina watoto watatu na Nairobi isingewezekana. Lakini chuo kinachokusimamia kwa kamera kijue watu wake wanaishi wapi. Mdogo wako aulize hivi kabla ya kulipa: stima ikikatika katikati ya mtihani, mwafanyaje? Wamjibu kwa maandishi. Wakimzungusha, atafute kwengine.

Kuli wa Kilindini
Hongera mama. Na shemeji asilaumiwe.

MamaNusra
Hajalaumiwa. Siku ya kuhitimu ndiye aliyeleta biriani.

Maalim Mstaafu
Binti, rai yangu: kama mdogo wako ana miaka kumi na nane na hana mzigo wa nyumba, na ada ya Nairobi ipo kweli, mjomba asipuuzwe. Umri huo watu hujifunza mengi kwa kuishi na wenzao. Kama ada ni ya kukopa kwa watu, aanze mtandaoni.

Baharia wa Tudor
Kwa heshima Maalim, nakataa. Aanze mtandaoni na kazi kando. Nairobi kodi ya chumba peke yake itamla.

Binti wa Mtopanga
Ada haipo yote, mjomba asema itapatikana. Jamani, kuna mtu anajua hapa mjini watu wanaosoma mtandaoni hukutana wapi? Hilo la upweke ndilo linaloniogopesha zaidi kwake, ni mtoto wa watu.

Mke wa Changamwe
Sisi tuko wachache, vyuo tofauti, twakutana Jumamosi asubuhi Buxton kwa mwenzetu mwenye intaneti ya waya. Kila mtu na lake, ukikwama wauliza. Aje hata kabla hajajiandikisha aone. Nitakutumia namba kando. Mwambie aje na ekstensheni, soketi huwa hazitutoshi.