Goti la Mama Mkubwa

Salma: Jamani, Mama Mkubwa anataka kughairi upasuaji wa goti. Kasikia kuna mtu kawekewa goti bandia mwaka jana na mpaka leo analia. Hamisi upo?

Hamisi: Nipo. Hilo lipo kweli, silikatai. Takriban mtu 1 kati ya 5 hubaki na maumivu ya muda mrefu. Wengi wa wale wengine hupata nafuu kubwa.

Baba Mdogo: 1 kati ya 5?? Hao madaktari wanafunga nini humo ndani

Hamisi: 😄 Baba Mdogo, goti linaweza kukaa sawasawa, picha ikatoka safi, na mtu bado anaumwa. Mambo mengi huanza kabla ya kisu. Ukikaa na maumivu makali miaka na miaka, mishipa ya fahamu inakuwa kama kengele iliyokwama. Unatoa mfupa uliosagika, kengele bado inalia.

Mama Mkubwa: Naona mnanijadili na mimi nimo humu humu

Hamisi: Shikamoo Mama Mkubwa 🙈 Basi nikuulize mwenyewe. Zaidi ya goti, wapi pengine panauma?

Mama Mkubwa: Marahaba. Mgongo, bega, na usingizi sipati. Nikilala nawaza sitatembea tena.

Hamisi: Hayo yote mwambie daktari, usimwambie la goti tu. Maumivu ya sehemu nyingi, kukosa usingizi, wasiwasi, sonona, kujiaminisha kwamba mambo yatakuwa mabaya, vyote vinaongeza uwezekano wa kuumwa baadaye. Si kwamba unajifanya. Na vinatibika, bora vianze kushughulikiwa kabla hujaingia chumba cha upasuaji.

Salma: Na vile vidonge vyake vya maumivu, tramadoli?

Mama Mkubwa: Nameza kila usiku.

Hamisi: Aa, hilo kubwa. Aliyezoea dawa kali kabla ya upasuaji huwa ngumu kumtuliza baada yake. Daktari wa kukutia ganzi au usingizi wakati wa upasuaji lazima ajue. Ila usivikate ghafla mwenyewe, wao ndio wakupunguzie.

Baba Mdogo: Mimi langu picha inaonyesha limechakaa kidogo tu lakini linaniua. Si nibadilishe mapema yaishe?

Hamisi: Wewe ndiye wa kutulia kabisa. Wenye uchakavu mdogo kwenye picha ndio mara nyingi hawaridhiki na goti bandia. Kwanza wakukague nyonga, maana nyonga mbovu hutuma maumivu gotini. Ukivaa soksi kinena kinavuta?

Baba Mdogo: Kinavuta 😳

Hamisi: Haya. Kaonane na daktari.

Mama Mkubwa: Na nikishafanyiwa?

Hamisi: Usijikaze. Maumivu makali ya siku za mwanzo yasipotulizwa ni moja ya dalili kwamba yanaweza kudumu, na ukiumwa hutafanya mazoezi, goti litakakamaa. Homa, jeraha kutoa usaha, au shavu la mguu kuvimba na kuuma, ni hospitali siku hiyo hiyo. Ikipita miezi 3 na bado linakusumbua, rudi, usiambiwe tu "utazoea".

Salma: Naandika yote, Alhamisi tunayasoma mbele ya daktari.

Mama Mkubwa: Haya sighairi. Nani ananipeleka?

Baba Mdogo: Mimi. Na langu nitaliulizia huko huko.