Waandishi mnaojichapishia riwaya: nina kazi tatu mezani, nianze na ipi?

Ngamiani_Kalamu

Habari za mda huu wakuu. Naomba tuongee sie tunaoandika riwaya na kuzichapa kwa hela zetu wenyewe, sio vitabu vya shule, nasema riwaya za mtu kusoma kwenye basi mpaka anapitiliza kituo.

Niko Tanga, mchana nashika hesabu za watu ofisini, naandika alfajiri kuanzia saa kumi na nusu mpaka watoto waamke, nikikosa hapo basi siku imeenda maana jioni kichwa kimejaa marejesho na riba. Naandikia kwenye simu. Kompyuta ninayo ila simu haijali umeme umekatika au la, afu jumamosi ndo nahamishia kwenye Word na kuanza kuona madudu niliyoyaandika na usingizi. Mwaka jana nimetoa riwaya ya upelelezi, nakala 500, ISBN, ile namba ya kitabu, nimechukua Maktaba kuu Dar, COSOTA ofisi ya hakimiliki nimesajili, kava zuri tu. Zimekaribia kuisha, zilizobaki ziko kabatini na zingine mali kauli kwenye maduka, yaani wanalipa zikiuzwa, huko Mungu ndo anajua.

Sasa saivi nina kazi tatu na zote zinanivuta. Kuna sehemu ya pili ya huyo mpelelezi, wasomaji wananisumbua kila siku, nimefika kama nusu. Kuna riwaya ya mkonge, hii ndo ya moyoni, babu yangu mzaa baba alikuja huku kama manamba, kibarua wa mkataba shambani, kutoka Kigoma miaka ya hamsini, nataka nianzie kabisa 1893 Mjerumani Hindorf anapoagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, inafika 62 tu ndo iko hai, inapandwa Pangani huko Kikogwe, na kutoka hiyo 62 likatokea pori lote hili. Afu ya tatu kuna jamaa ana magrupu ya WhatsApp ya simulizi, anataka nimwandikie hadithi ya mapenzi, sehemu moja kila usiku, wasomaji wanalipia elfu mbili kwa mwezi tunagawana. Hela ya haraka.

Mnapangaje nyie? Mnaandika mbili kwa pamoja au moja moja? Na hiyo ya WhatsApp nikubali?

Kitaa_cha_Vitabu

Mkuu hongera kwanza kukaribia kumaliza 500 sio mchezo, kuna watu wana maboksi chini ya kitanda tangu enzi za Kikwete.

Mi nauza vitabu Kariakoo, ntaongea upande wa hela tu. Sehemu ya pili ndo itauza ya kwanza. Mteja akishika kitabu cha pili anauliza "cha kwanza kipo?", hapo nauza viwili. Mwandishi mwenye kitabu kimoja namweka pembeni, mwenye vitatu namtengea rafu yake, sio upendeleo, ni kwamba mtu akimpenda anarudi.

Afu angalia hesabu yako vizuri kabla hujachapa tena. Tuseme unauza kitabu kimoja 12,000, duka linachukua asilimia 35, hiyo ni 4,200, umebaki na 7,800. Kama kuchapa ilikutoka 4,500 kwa nakala unabaki na 3,300 na hapo hujalipa mhariri wala nauli ya boksi kwenye basi. Ukiuza mwenyewe mkononi unaweka kibindoni 7,500. Watu wanasema wachapishaji wakubwa wanyonyaji kwa sababu wanampa mwandishi mrabaha wa asilimia kumi ya bei, sawa, kwenye 12,000 ni 1,200, ila yeye ndo kaweka mtaji na yeye ndo analala na stoo. Kwaiyo duka litumie kama tangazo, hela ipate kwa lipa namba yako.

Kingine kurasa. Mwambie anayekupangia kurasa zigawanyike kwa 16, kama kitabu kina 276 ongeza au punguza ifike 272 au 288, la sivyo unalipia karatasi tupu mwishoni. Na kava liwe na laminesheni, ule utando wa plastiki, vitabu vya Tanga vinakuja hapa vimejikunja kwa ule unyevu wa bahari kama chapati.

Ngamiani_Kalamu

Asante sana kaka, hilo la 16 nilikua sijui kabisa, mbona mchapaji wangu hajawahi kunambia! (na mimi ni dada jamani, "mkuu" nimeipokea lakini 😂)

mhariri_wa_usiku

Dada pole na majukumu. Mimi nahariri miswada, nyingi ni za wanaojichapishia kama wewe, na ntampinga kidogo kaka hapo juu. Sehemu ya pili ndio ianze, nakubali, ila isiwe kwa sababu wasomaji wanasumbua. Wanaosumbua inboksi ni haohao ishirini, nao watanunua hata ukichelewa miezi sita, lakini ukiwapa kitu kilicholipuliwa hawarudi, wala hawakwambii, wanakaa kimya tu.

Ninachokiona kwenye sehemu za pili zinazokuja mezani kwangu ni mwandishi kasahau alichoandika. Shangazi alikufa kitabu cha kwanza sura ya nane, huku anapika pilau. Mpelelezi alikua na kovu shavu la kushoto, limehamia kulia. Kuna mswada mmoja mhusika kapanda daladala Tegeta akashuka Mbagala, tena jioni ya foleni, na kafika kabla muuaji hajaondoka! Mtu wa Dar akisoma hapo anafunga kitabu. Kabla hujaendelea na hiyo nusu iliyobaki, kaa chini usome kitabu chako cha kwanza kama msomaji na ufungue daftari, kila mhusika ukurasa wake, umri, kabila kama umelitaja, anakaa wapi, anamwitaje nani, nani anajua siri gani na aliijua lini. Hiyo ya mwisho ndio muhimu kwenye upelelezi, maana kosa kubwa kuliko kovu ni mpelelezi kujua kitu ambacho hajaambiwa na mtu.

WhatsApp mimi ningekataa. Hela ipo kweli, nawajua wanaolipa kodi ya nyumba kwa simulizi, siwadharau hata kidogo, kuandika sehemu kila siku afu kila sehemu iishie patamu ni ufundi na wengine riwaya zao ndefu zinakimbia vizuri kwa sababu ya mazoezi hayo. Ila wewe una hayo masaa machache ya alfajiri tu. Sehemu ya kila usiku itaimeza yote, kwa sababu ile ina watu wanaosubiri na kutukana ikichelewa, huku riwaya yako haina anayeisubiri saa tatu usiku.

simulizi_tamu

Dada mhariri naheshimu lakini unatuonea. Mi niko kwenye hiyo kazi, siandiki kila siku, naandika sehemu 30 zote NDIO natangaza, afu narusha moja moja. Siku nikiumwa wasomaji hawajui. Kwaiyo Ngamiani ukikubali usianze kurusha kabla hujamaliza, na makubaliano na huyo admini yawe kwa maandishi, hadithi ni ya nani baada ya kuisha, nani anaruhusiwa kuiweka YouTube. Maana utasikia hadithi yako inasomwa kwenye chaneli ya mtu usiyemjua, mziki wa huzuni nyuma, jina lako halipo.

Na PDF usimpe mtu hivihivi. Mimi kila mteja nakala yake ina namba yake ya simu chini ya kila ukurasa, rangi ya kijivu imefifia hivi. Haizuii wizi ila mtu anafikiria mara mbili kuisambaza ikiwa na namba yake.

Kibanda_Umiza

Naomba link ya hilo grupu la mapenzi mimi sio mwandishi

Mzee_wa_Korona

Mjukuu wangu hujambo. Nimeona mkonge nikashtuka, mimi nimefanya kazi mashamba ya Korogwe, niliingia kijana baada ya serikali kuyataifisha 1967, nikakaa kiwandani kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, mpaka masikio yakaharibika. Naomba uiandike hiyo riwaya, ya upelelezi wataandika wengine.

Ila usianze na Mjerumani. Watu wote wanaanza na Hindorf na miche yake 62, imeshakua kama wimbo wa shule. Anza na babu yako anapoandikishwa. Hao manamba wa miaka ya hamsini waliletwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha vibarua, ilianza 1944, ilikwenda kuwatafuta huko kwa Waha, Songea, mpaka nje ya mipaka. Na kuna kosa nalisikia hata kwa wasomi, wanampandisha mtu treni Kigoma anashuka Korogwe. Haiwezekani kwa miaka hiyo. Reli ya kati na reli ya Tanga zilikua hazijaungana, kile kipande cha Ruvu mpaka Mnyusi kilifunguliwa 1963. Mtu anashuka reli ya kati, anamaliziwa safari kwa lori. Hapo kwenye lori pana sura nzima, watu hawajuani, lugha tofauti, kila mtu ana kipande cha blanketi, na hakuna anayejua anapelekwa shamba gani.

Halafu kazi yenyewe uielezee. Mkataji anakata ncha kwanza, ule mwiba, maana ukimchoma mwenzako jicho limekwenda. Anafunga majani 30 ndio mzigo mmoja. Maji ya mkonge yakikurukia ngozi inawasha usiku kucha. Kiwandani jani linaingia korona linakwanguliwa, singa, yaani nyuzi, inatoka upande wa pili ya kijani bado, inaoshwa, inaanikwa kwenye waya, ikikauka inakua nyeupe, inapigwa brashi, ndio inafungwa marobota. Ile harufu ya maganda yanayooza mtoni siwezi kukuelezea hapa, njoo Korogwe wako wazee wachache tumebaki, njoo na kitu cha kurekodia kabla hatujaisha.

Ngamiani_Kalamu

Shikamoo mzee wangu. Hilo la reli umeniokoa, nilishaandika babu kalala kwenye behewa moja kutoka Kigoma mpaka anaamka anaona milima ya Usambara 🤦🏾‍♀️ sura nzima hiyo. Mwisho wa mwezi nakuja Korogwe, nakutumia ujumbe inboksi. Nitakuja na sukari.

mhariri_wa_usiku

Mzee ameniharibia hoja yangu kwa kweli 😄 Basi Ngamiani fanya hivi, andika ya upelelezi alfajiri, ya mkonge usiiandike bado, irekodi. Wazee hawasubiri, mpelelezi anasubiri. Mwaka huu kusanya sauti tu na kuandika tarehe, ukimaliza sehemu ya pili unakuta mkonge umeshapata nyama.

Na hiyo ya mkonge usimwage sura zake Facebook. Kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu, ilitolewa mara ya kwanza 2023, mshindi wa kwanza wa riwaya alipata milioni kumi, inatolewa Aprili 13 siku ya kuzaliwa Mwalimu. Na ipo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, ambayo kwa ujumla zawadi zake zimekua dola 15,000. Soma masharti ya mwaka husika kuhusu kazi iliyokwisha kutolewa hadharani, usije ukajinyima mwenyewe kwa ajili ya komenti na laiki.

kalamu_ya_forodhani

Na usiache kazi ya hesabu. Shaaban Robert wa hapohapo Tanga alikua karani wa forodha tangu 1926 mpaka 1944, baadae akahamia ofisi zingine za serikali, vitabu tunavyovisoma leo viliandikwa na mtu mwenye mshahara. Hawa wa mtandaoni wanaowaambia watu waache kazi wafuate kipaji wengi wanauza semina.

msomaji_wa_Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Dadangu hizo riwaya huku twazipata vipi? Maduka ya huku vitabu vya Kiswahili ni vya mtihani tu, seti buku, mtu akimaliza shule hana cha kusoma. Waandishi wanaojichapishia Nairobi wengi wapeleka duka la vitabu la Nuria, waweza kuwaandikia wakakuwekea, ila wataka kopi ziwe kule tayari. Mimi nataka mbili, moja yangu moja ya mamangu, yeye ndiye mpenzi wa upelelezi, akishika kitabu chakula chaungua.

Ngamiani_Kalamu

Kaka wa Likoni karibu sana, mabasi ya Mombasa yanapita hapa kwenda Horohoro kila siku, nikimpa kondakta asubuhi jioni unayo. Shida ni malipo tu kutoka huko, wanaojua kutuma hela Kenya kuja Tanzania kwa simu bila kukatwa nusu waniambie.

Wengine: nimemjibu jamaa wa grupu. Nimemwambia sitarusha kitu mpaka niwe na sehemu 30 mkononi, na hizo sianzi kabla mpelelezi hajamaliza kesi. Kasema nimeringa. Sawa.

simulizi_tamu

Atarudi huyo. Wakikosa mwandishi wa mwezi wa saba wanarudigi wote, na akirudi mpandishie bei.

msomaji_wa_Likoni

M-Pesa ya huku yatuma Tanzania moja kwa moja, makato yapo lakini si nusu. Nipe namba inboksi, na uniandikie mbele "kwa Mama", usiandike jina.