Mbunge katugawia kijitabu cha michango yake bungeni, nitajuaje kama kimetusaidia?

Mwalimu wa Maboma:
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea katika sekondari ya kata, huku Kanda ya Ziwa. Nilimaliza chuo miaka sita iliyopita, Kiswahili na Historia. Kila ajira zikitangazwa naomba, kila mara napigwa chini. Wazazi wananichangia elfu sitini kwa mwezi, na mwezi mwingine inakuwa debe la mahindi.

Jumamosi mbunge wetu ana mkutano kwenye kata. Watu wake wamepita wakigawa kijitabu chenye picha yake kasimama bungeni. Humo ndani kapigania elimu, ajira za vijana, bima ya afya, mikopo ya vyuo vikuu, kila kitu. Ukurasa wa mwisho unasema amesimama mara 74.

Vijana wamenichagua niulize kwa niaba yao, eti kwa kuwa najua kuandika. Sasa nikilalamika tu, mwenyekiti wa kijiji atasema nimetumwa. Kupiga makofi nako siwezi, maana maboma mawili ya madarasa tuliyoyainua kwa nguvu zetu yameota nyasi ndani. Mchango wa mbunge bungeni unapimwaje? Niulize nini?

Kasuku Mweusi:
Muulize posho ya kikao ni shilingi ngapi, kisha kaa chini. Uzi ufungwe.

Bi Mkubwa wa Pongwe:
Usimsikilize huyo, mwanangu. Ukiuliza posho atacheka, watu watacheka, mkutano utakwisha na boma lako litabaki na nyasi zake.

Karani Mstaafu:
Kijana, hiyo 74 isikutishe. Kusimama bungeni kuna aina zake. Swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi, wizara inaandaa jibu. Swali la nyongeza huulizwa papo hapo baada ya jibu, na hapo ndipo utamjua mbunge anayefuatilia. Kuchangia hoja ni dakika kumi, na mara nyingi wanagawana tano tano. Katika hizo tano, mbili huliwa na kumshukuru Mungu na kumpongeza Rais, Waziri na Spika. Zote kwenye kijitabu zinahesabiwa moja.

Kumbukumbu rasmi, Hansard, zipo kwenye tovuti ya Bunge kwa tarehe ya kila kikao, unapakua bure. Anza na Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni, wizara zinapopita moja moja. Siku ya Wizara ya Elimu isome, ila ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, isome mara mbili. Watu wengi wanapotea hapa. Shule yako ya kata, madarasa na walimu wake viko TAMISEMI. Wizara ya Elimu inashika sera, mitaala na vyuo. Mbunge anayemlilia Waziri wa Elimu kuhusu boma lenu anapiga hodi nyumba ya jirani.

Halafu tazama kama amewahi kushika shilingi. Bajeti ikifika Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima likipitia vifungu vyake, mbunge asiyeridhika anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo. Mara nyingi shilingi hurudi, lakini waziri huwa keshatamka ahadi na imeandikwa. Aliyeunga mkono hoja asilimia mia kabla hajasema shida yake, atashika nini?

Kasuku Mweusi:
Mzee umetisha. Nafuta kauli, ila posho bado nataka kuijua.

Nyundo ya Seremala:
Kwenye mikopo ya vyuo, kijitabu kinasema nini hasa? Wa kwetu naye kaandika kwamba alipigania kufutwa kwa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Rais Samia aliitangaza kufutwa siku ya Mei Mosi 2021, Mwanza. Nikatafuta: wa kwetu aliizungumzia mara ya kwanza Juni 2021, akishukuru! Angalia tarehe, mkuu. Aliyesema kabla alipigania, aliyesema baada ya hapo alikuwa mgeni kwenye sherehe.

Diwani Mstaafu:
Nimekaa baraza la madiwani miaka kumi, niongeze la haki kwa mbunge. Ibara ya 99 ya Katiba haimruhusu kuleta muswada wa kutumia fedha za umma au kupandisha kodi. Hayo lazima Rais ayapendekeze kupitia waziri. Kibali cha kuajiri walimu nacho hakitoki mfukoni mwake. Ukimuuliza "kwa nini hujaniajiri" umempa mlango wa kutokea.

Mbane pale mkono wake unapofika. Yeye ni mjumbe wa baraza la madiwani kama nilivyokuwa mimi. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Jimbo, ule wa kuchochea maendeleo, na kumalizia maboma ni kazi yake kabisa. Kuna pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Muulize vikundi vingapi vya vijana wa kata yenu vimepata tangu irudi. Kama alipiga kelele Dodoma juu ya ajira halafu kwenye baraza la madiwani hafiki, muhtasari wa vikao utamuumbua. Wengine tulikuwa tunawaona siku ya bajeti tu, suti mpya, picha, kaondoka.

Mwalimu wa Maboma:
Wazee wangu asanteni. Nimekesha na simu, bando limekata mara mbili. Hansard sijaimaliza, lakini kwenye michango ishirini niliyoisoma, tisa ni pongezi na pole tupu. Kuna mmoja wa bima ya afya kwa wote ulionigusa, aliongea vizuri kuhusu wazee wa vijijini, sitamnyima haki yake.

Na maboma aliyauliza! Swali la msingi kabisa, limetaja kata yetu. Naibu Waziri akajibu Serikali itaendelea kumalizia maboma kadri ya upatikanaji wa fedha. Mbunge akapewa nafasi ya swali la nyongeza, akauliza barabara ya kata nyingine.

Bi Mkubwa wa Pongwe:
Hapo hapo mwanangu! Mshukuru kwanza kwa kuuliza, msomee jibu alilopewa, kisha muulize alifanya nini kesho yake. Usipandishe sauti. Na swali liandike nakala mbili, moja umpe mtendaji wa kata kabla ya mkutano, wasije wakasema muda hautoshi.

Diwani Mstaafu:
Akisema "limo kwenye bajeti", muulize ya mwaka gani na kifungu kipi. Afisa mipango wa halmashauri huwa kwenye msafara.

Mwalimu wa Maboma:
MREJESHO. Jumamosi usiku.

Nilisimama wa nne. Magoti yalikuwa yanagongana, lakini nilisoma. Nilipotaja tarehe ya swali lake, mbunge alitabasamu, akasema kumbe nina mwanafunzi. Watu wakapiga makofi. Akasema maboma yetu yameshaingia kwenye bajeti. Nikauliza ya mwaka gani.

Akamgeukia afisa mipango. Yule bwana akasimama, akafungua daftari, akafunga, akasema mwaka huu hayamo, kata yetu haikuleta makisio ya gharama. Mtendaji wetu akatazama chini.

Mbunge akaahidi mbele ya watu bati za boma moja kutoka Mfuko wa Jimbo. Vikundi vya vijana vilivyopata mkopo kwenye kata yetu: kimoja, na hakuna aliyekijua.

Jumatatu naenda halmashauri na fundi wetu kupeleka makisio. Afisa mipango kasema nifike saa nne.

Kasuku Mweusi:
Fika saa mbili.