Hospitali zilazimishwe kutangaza maambukizi ya wodini?

Wakuu, nauliza: idadi ya wagonjwa wanaoambukizwa wakiwa wodini ibandikwe getini kila mtu aisome, au ibaki kwenye faili la uongozi?

Dada yangu alijifungua kwa upasuaji kwenye hospitali moja ya mkoa. Akaruhusiwa, mshono mkavu. Wiki haikuisha usaha ukaanza. Karudishwa, kachomwa sindano za seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, kidonda kikafunga, kaenda nyumbani, usaha uleule ukarudi. Muda wote huo hakuna aliyechukua sampuli ya kuotesha ili ijulikane ni kimelea gani na kinasikia dawa ipi.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa nchi za kipato cha chini na cha kati, 15 huambukizwa hospitalini. Nchi tajiri ni 7. Uingereza ilizilazimisha hospitali za umma kuripoti MRSA (bakteria sugu kwa dawa nyingi) ya kwenye damu kuanzia 2001. Mwaka 2004 serikali ikaweka lengo: ipungue nusu ifikapo 2008. Ikapungua kweli.

Nesi wa Zamu: Pole na dada, mkuu. Ila njoo wodini usiku. Nesi mmoja, wagonjwa wamejaa hadi chini, bomba halitoi maji, kitakasa mikono kimeisha. Ukibandika hiyo namba nitasemwa mimi, si aliyeshindwa kununua tenki.

Mtu wa Maabara: Mimi naona shida nyingine. Hospitali isiyootesha chochote itatangaza sifuri, inayopima kila usaha ndiyo itaonekana chafu. Halafu mshono wa upasuaji hufuatiliwa siku 30. Mama keshafika kijijini, akitokwa usaha anakimbilia duka la dawa, anapewa vidonge nusu dozi kwa sababu hela ndiyo hiyo. Huyo utamhesabia wapi?

Mleta mada: Basi tuanze na kisichohitaji maabara. Mshono uliofumuka unaonekana kwa macho. Mama aachwe na namba ya simu ya wodi, apigiwe hadi mwezi uishe. Na Nesi wa Zamu, siku maji yakikatika iandikwe palepale getini, tarehe na saa. Hapo tuone nani atasemwa.

Mzee wa Kange: Mkitundika hizo namba wenye uwezo watahamia hospitali binafsi, ambazo wala hamjasema kama nazo zitatangaza. Sisi tusio na uwezo tutabaki na hofu tu.

Mleta mada: Zote zitangaze, mzee wangu, binafsi na za serikali.

Nesi wa Zamu: Sawa, na atakayejaza ni nani? Mganga mfawidhi ndiye anayepimwa kwa namba hizo, na kalamu anayo yeye. Mimi nitakubali siku watu wa mkoa watakapokuja wenyewe, bila taarifa, wafunue bandeji kitanda hadi kitanda. Na wafungulie bomba.